Kuchambua Msimbo Kabla ya Kuukabidhi kwa Akili Unde

Kiendelezi cha kuandaa msimbo ni programu ndogo inayopachikwa ndani ya kihariri, yaani ile programu ambayo watengeneza programu huandikia kazi zao. Hukusanya mafaili ya mradi, huyachambua, huyaunganisha yawe andiko moja, na huliweka andiko hilo tayari kwa modeli ya lugha kama ChatGPT, Claude au Gemini. Mtumiaji huweka tiki kwenye folda anazozitaka, hubofya kitufe, na sekunde chache baadaye kila kitu kimo kwenye ubao wa kunakili, kikisubiri kubandikwa kwenye dirisha la mazungumzo. Ukiitazama kwa juu, ni kazi ya tarishi: kuokota makaratasi, kuyabana kwa pini, kuyapeleka ofisi ya pili. Ila jibu litakalorudi kutoka ofisi hiyo hutegemea sana makaratasi ambayo tarishi aliyaacha kabatini.

Msimbo ni yale maandishi ya Python, Java, PHP au JavaScript ambayo kompyuta huyafuata ili kufanya kazi. Vijana wengi wa fani hii husema tu "kodi", neno ambalo kwa mwenye nyumba na kwa mamlaka ya mapato lina maana nyingine kabisa. Mradi mmoja, hata ukiwa mdogo, huwa na makumi ya mafaili yanayotegemeana, na hapo ndipo haja ya kiendelezi hiki ilipozaliwa.

Modeli ya lugha haina macho ya kuchungulia kompyuta ya mtu. Inajua ilichofundishwa, na inajua kilichowekwa mbele yake katika mazungumzo hayo, basi. ChatGPT ilipofunguliwa kwa umma tarehe 30 Novemba 2022, watengeneza programu walikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kuikimbilia, na mtindo wao ulikuwa mwepesi: nakili kipande, bandika, uliza. Kwa kipande kinachojitegemea, kama hesabu ya siku zilizopo kati ya tarehe mbili, mtindo huo unatosha hadi leo.

Taabu huanza pale kosa linapokuwa limetawanyika. Chukua duka la mtandaoni linalopokea malipo ya M-Pesa kupitia Daraja, jukwaa la Safaricom la watengeneza programu. Kuna ukurasa ambao mteja hubonyeza "Lipa"; kuna faili kwenye seva linalotuma ombi la malipo; kuna jingine linalopokea taarifa kwamba mteja ameweka namba yake ya siri na fedha imetoka; na kuna jedwali la hifadhidata linalotunza oda. Oda ikionekana haijalipwa ilhali mteja amekatwa fedha, kosa linaweza kuwa popote kati ya sehemu hizo nne. Anayebandika sehemu moja huilazimisha modeli ikisie tatu zilizobaki, nayo hukisia bila haya: hubuni jina la safu ya jedwali, huita funksheni ambayo haijawahi kuandikwa, kisha hutoa suluhisho linalosomeka vizuri lakini halifanyi kazi. Anayejaribu kubandika zote nne kwa mkono husahau majina ya mafaili, huacha mistari ya juu, au hubandika toleo la jana.

Kufikia mwaka 2024 zana za kumaliza adha hiyo zilikuwa zimeanza kumiminika. Simon Willison, mmoja wa waasisi wa Django, mfumo wa Python wa kujengea tovuti, alitoa files-to-prompt. Kazuki Yamada wa Japani alianzisha Repopack, ambayo baadaye ilibadilishwa jina ikawa Repomix. Kuna pia code2prompt iliyoandikwa kwa lugha ya Rust, na Gitingest, ambayo hufanya kazi hiyo hiyo kwa hifadhi yoyote ya wazi ya GitHub, jukwaa la kuhifadhi msimbo, mtu akibadilisha herufi chache tu kwenye anwani yake. Nyingi ya zana hizi huendeshwa kwa amri za terminali. Kiendelezi kilileta kazi hiyo pale pale ambapo mtu ameketi: ndani ya kihariri, karibu na faili analolihariri.

Kihariri chenyewe, mara nyingi, ni Visual Studio Code. Microsoft iliitangaza tarehe 29 Aprili 2015 na kuuweka wazi msimbo wake Novemba ya mwaka huo huo. Katika utafiti wa mwaka 2024 wa Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya watengeneza programu, zaidi ya 70% ya waliojibu walisema wanaitumia. Sehemu kubwa ya umaarufu huo inatokana na viendelezi. Kiendelezi ni folda yenye msimbo na faili moja la utambulisho, package.json, linaloeleza jina lake, amri kinazoongeza na wakati wa kuamshwa kwake. Vyote hivyo hubanwa na kuwa faili moja lenye jina linaloishia na .vsix. Kikishawekwa, huendeshwa katika mchakato wa pembeni, mbali na ule unaochora herufi kwenye skrini, ili kikizubaa kisimkwamishe anayeandika. Kupitia milango iliyoachwa wazi na kihariri, kiendelezi kinaweza kuchora mti wa folda wenye visanduku vya tiki kwenye ubavu wa dirisha, kusoma mafaili, na kuandika kwenye ubao wa kunakili. Zaidi ya hapo hakihitaji mengi. Kwa kuwa vihariri vya Cursor na VSCodium vimechipuka kutoka msimbo huo huo wa Microsoft, kiendelezi kilichoandikwa kwa uangalifu hufanya kazi huko pia, ingawa soko la viendelezi la Microsoft ni kwa bidhaa za Microsoft, na wengine hutegemea Open VSX, soko huria linalosimamiwa na Eclipse Foundation.

Hatua ya kwanza ya kiendelezi ni kuutembea mti wote wa folda, na hapo hapo kazi ya kuchambua huanza. Kama anayepeta mchele kwenye ungo, kiendelezi hupimwa kwa mawe kinayoyatoa. Mradi wa JavaScript wenye mafaili 40 yaliyoandikwa na wenyewe unaweza kubeba makumi ya maelfu ya mafaili ya watu wengine ndani ya folda iitwayo node_modules, ambamo maktaba zote za kuazima huhifadhiwa. Katika PHP folda hiyo huitwa vendor. Katika Python kuna venv na __pycache__. Kuna dist na build, ambamo msimbo uliokwisha kusagwa kwa ajili ya kivinjari hukaa, mstari mmoja ukiwa na herufi laki moja zisizosomeka na binadamu. Kuna folda ya .git yenye historia yote ya mradi. Kiendelezi kinachobeba vitu hivi kimeshindwa kazi kabla hakijaianza.

Kwa bahati nzuri, mwenye mradi huwa tayari ameandika orodha ya takataka zake. Git, mfumo wa kutunza matoleo ya msimbo ambao Linus Torvalds aliuanzisha mwaka 2005, husoma faili liitwalo .gitignore ili kujua vitu gani visitunzwe. Viendelezi vingi huazima orodha hiyo. Kuiazima ni rahisi. Kuielewa kunahitaji umakini. Alama ya mshangao mwanzoni mwa mstari hugeuza maana: kilichokatazwa kinaruhusiwa tena. Folda ya ndani inaweza kuwa na .gitignore yake inayoipinga ile ya juu. Na folda nzima ikishakatazwa, faili lililomo ndani haliwezi kuokolewa kwa mshangao. Kiendelezi kinachoichukulia orodha hii kama majina matupu ya kulinganisha herufi kwa herufi kitaacha faili muhimu au kitabeba lisilotakiwa, na mtumiaji hatajua, kwa sababu andiko la mistari elfu kumi halisomwi na mtu.

Hata .gitignore ikifuatwa barabara, haitoshi. Orodha hiyo iliandikwa kujibu swali la nini kisihifadhiwe, na swali la nini kisipelekwe kwa modeli ni jingine. Faili la package-lock.json huhifadhiwa kwenye Git kwa sababu nzuri, kwani linataja toleo kamili la kila maktaba, lakini kwa modeli ni maelfu ya mistari ya namba zisizoeleza chochote kuhusu duka la mtandaoni. Tafsiri za kiolesura kwa lugha nane, michoro ya SVG, data za majaribio, mabadiliko ya zamani ya hifadhidata: vyote vimo kwenye Git, na mara nyingi havina kazi katika mazungumzo. Ndiyo maana zana hizi huwa na orodha ya pili. Repomix, kwa mfano, husoma faili liitwalo .repomixignore. Picha na mafaili mengine yasiyo maandishi hukamatwa kwa hila ya zamani ambayo hata Git huitumia: hutazamwa baiti 8,000 za mwanzo, na ikionekana baiti ya sifuri, faili linarukwa.

Baada ya takataka kutolewa hubaki swali la kipimo. Modeli hazihesabu maneno wala herufi, huhesabu tokeni. Mkazi wa Dar es Salaam au Nairobi akisikia neno hilo hufikiria tarakimu 20 za umeme, na mfanano si mbaya: zote mbili ni vipimo vya kulipia, na zote huisha wakati mbaya. Tokeni ya modeli ni kipande cha maandishi, wakati mwingine neno zima, wakati mwingine silabi au alama moja. Njia ya kuvipata vipande hivyo inatokana na mbinu ya kubana data ambayo Philip Gage aliichapisha mwaka 1994: jozi ya herufi inayojirudia sana huunganishwa kuwa alama moja, kisha jozi za alama hizo huunganishwa tena, na kuendelea hivyo. Modeli ya GPT-2 ya OpenAI, kampuni yenye ChatGPT, ilikuwa na vipande 50,257. Modeli zake za karibuni zina takriban 200,000.

Kwa Kiingereza, tokeni moja hukadiriwa kuwa herufi nne. Kiswahili hakina bahati hiyo. Vipande huundwa kutokana na maandishi yanayopatikana kwa wingi, na ya Kiswahili ni machache, hivyo neno kama "hawakutuambia" hukatwakatwa mara kadhaa ilhali neno la Kiingereza la urefu huo huo huweza kupita zima. Mtengeneza programu anayeandika maelezo ya msimbo wake kwa Kiswahili hulipa zaidi kwa wazo lile lile. Gharama hiyo ipo, lakini ni ndogo ukilinganisha na ile ya kusahau kuondoa package-lock.json.

Msimbo wenyewe una upekee wake. Python hutegemea nafasi tupu mwanzoni mwa mstari kuonyesha kipi kimo ndani ya kipi, na vipande vya enzi za GPT-2 vilizihesabu nafasi hizo kwa hasara kubwa. OpenAI ilipotengeneza Codex mwaka 2021 iliongeza vipande maalumu kwa ajili ya mifuatano ya nafasi tupu, na tokeni za msimbo zikapungua kwa takriban 30%. Kiendelezi kizuri hufanya hesabu kwa kutumia vipande halisi, ndani ya kompyuta ya mtumiaji, na huonyesha namba mbele ya kila folda kadiri tiki zinavyowekwa. Cha uvivu hugawa jumla ya herufi kwa nne. Hata ile hesabu nzuri ni makisio kwa sehemu fulani, maana kila kampuni ina vipande vyake: namba iliyopatikana kwa vipande vya OpenAI haitalingana sawasawa na ya Claude au ya Gemini.

Kipimo hiki kilikuwa na uzito mkubwa zaidi miaka michache iliyopita. GPT-3 ya mwaka 2020 ilikuwa na dirisha la muktadha la tokeni 2,048, yaani swali na jibu kwa pamoja. GPT-4 ilipotoka Machi 2023 ilikuwa na 8,192, na toleo pana la 32,768. Mei ya mwaka huo Anthropic iliifikisha Claude kwenye 100,000, na Februari 2024 Google ilitangaza Gemini 1.5 yenye uwezo wa kufika milioni moja. Kwa kukadiria tokeni 10 kwa mstari, mradi wa mistari 6,000 unahitaji 60,000: haukuwezekana kabisa mwanzoni mwa mwaka 2023, na mwaka mmoja baadaye ulikuwa mzigo wa kawaida. Iliaminika basi kwamba kuchambua kumepitwa na wakati, kwamba mtu apakie kila kitu na modeli itajitafutia yenyewe.

Haikuwa hivyo. Mwaka 2023 Nelson Liu na wenzake walichapisha utafiti uliojulikana sana ulioonyesha kwamba modeli hutumia vizuri habari zilizo mwanzoni au mwishoni mwa andiko refu, na hupwaya kwa zilizo katikati. Modeli zimeboreka tangu hapo, lakini kasoro haijafutika, na mtu yeyote aliyewahi kupakia mradi mzima kisha akauliza kuhusu faili moja dogo ameionja. Faili la malipo likifunikwa na mafaili mia ya mitindo ya kurasa, dirisha pana halilisaidii chochote. Wajenzi wa viendelezi walijifunza hapo kuweka muundo wa folda juu, mafaili katikati, na swali la mtumiaji chini kabisa, mahali ambapo modeli hulisoma mwisho. Anthropic yenyewe huwashauri wateja wake waweke nyaraka ndefu juu na swali chini.

Kuna pia fedha. Bei za GPT-4 ilipotoka zilikuwa dola 0.06 kwa kila tokeni 1,000 zinazoingia kwenye toleo lile pana. Kutuma tokeni 30,000 kuligharimu dola 1.80 kabla modeli haijaandika herufi. Na mazungumzo hayana kumbukumbu ya bure: kila swali jipya hutumwa pamoja na yote yaliyotangulia. Bei zimeshuka mno tangu wakati huo, na mwaka 2024 kampuni zilianza kutoa punguzo kwa maandishi yanayojirudia. Kwa Anthropic, sehemu iliyokwisha kuhifadhiwa husomwa tena kwa moja ya kumi ya bei ya kawaida. Sharti ni kwamba mwanzo wa andiko ufanane herufi kwa herufi na ule wa mara ya kwanza. Hapa ndipo ujinga mdogo wa kiendelezi huweza kuwa ghali: kikiandika saa na dakika kwenye mstari wa kwanza wa kila kifurushi, au kikiyapanga mafaili kwa mpangilio unaobadilika kila mara, punguzo lote linapotea na mwenye akaunti hajui kwa nini. Mpangilio wa alfabeti usiobadilika, na tarehe kuachwa kabisa, huokoa fedha hiyo bila jasho.

Andiko lenyewe hupewa umbo ambalo modeli italielewa. Mtindo mmoja ni wa Markdown, ambapo kila faili huandikwa jina lake kisha msimbo wake huzungushiwa uzio wa alama tatu za backtick. Unapendeza machoni, lakini una mtego: faili la maelezo ya mradi, README, mara nyingi lina uzio wa aina hiyo hiyo ndani yake. Uzio wa ndani huufunga wa nje kabla ya wakati, na kuanzia hapo modeli hushindwa kujua lipi ni faili na lipi ni maelezo. Dawa yake ni uzio mrefu zaidi wa nje, ambao viendelezi vya haraka haraka huusahau. Mtindo wa pili ni wa lebo kama za XML, kila faili likifunguliwa kwa lebo yenye njia yake kamili, mfano <file path="src/malipo.js">, na kufungwa kwa </file>. Repomix huutumia mtindo huu bila kuambiwa. Njia kamili ya faili si pambo: mradi unaweza kuwa na mafaili sita yote yakiitwa index.js, na bila njia hiyo modeli huyachanganya kama mapacha.

Mradi ukizidi dirisha, au fedha ikizidi mfuko, kuna hatua ya kukamua. Njia ya kawaida ni kufuta maelezo na mistari mitupu, hatua inayookoa kidogo na kupoteza mengi, kwa sababu maelezo ya aliyeandika ndiyo mara nyingi hueleza kwa nini jambo la ajabu limefanywa. Njia ya akili zaidi hutumia Tree-sitter, maktaba iliyoanzishwa na Max Brunsfeld alipokuwa akifanya kazi GitHub kwenye kihariri cha Atom. Tree-sitter huusoma msimbo kama mwalimu wa sarufi anavyochanganua sentensi: hii ni klasi, hii ni funksheni, hili ni jina lake, hivi ni vitu inavyopokea. Kwa mchanganuo huo kiendelezi kinaweza kubakiza mifupa, yaani majina na saini za funksheni, na kuitoa nyama ya ndani. Watengenezaji wa Repomix wanasema njia hiyo hupunguza tokeni kwa takriban 70%. Kinachobaki kinaitosha modeli kujua mradi una nini na kiko wapi. Hakiitoshi kutafuta kosa, maana kosa hukaa kwenye nyama. Kwa hiyo mtumiaji mzoefu huchanganya: faili la malipo analolishughulikia hulipeleka zima, na mradi uliobaki hupeleka mifupa.

Aider, zana ya terminali ya Paul Gauthier, ilikwenda mbele zaidi mwaka 2023. Yenyewe hutumia Tree-sitter kuchora ramani ya nani anamwita nani, kisha hupanga mafaili kwa umuhimu kwa hesabu ya jamii ya PageRank, ile iliyoijenga Google: faili linalotajwa na mengi, na hasa na yaliyo muhimu, hupanda juu. Ramani hiyo hukatwa ilingane na tokeni zilizopo. Viendelezi vichache vya kupakia vimeiga wazo hilo, ingawa vingi bado vinamwachia mtumiaji aweke tiki zake kwa mkono. Kuna sababu ya kukubali hali hiyo: anayeujua mradi wake hujua kwamba faili muhimu leo ni lile lililobadilishwa jana usiku, na ramani haijui.

Hatari kubwa ya kazi hii yote ni siri. Msimbo unaowasiliana na Daraja huhitaji funguo zinazotolewa na Safaricom. Unaotumia huduma za wingu za Amazon huwa na ufunguo unaoanza kwa herufi AKIA. Tokeni ya GitHub, ambayo hapa ni ufunguo wa kuingilia, huweza kuanza kwa ghp_. Desturi njema ni kuziweka kwenye faili la .env, ambalo .gitignore hulikataza. Lakini mtu anapojaribu jambo usiku wa manane huubandika ufunguo moja kwa moja kwenye msimbo "kwa muda tu", na muda huo hugeuka miezi. Kunakili kipande kwa mkono angalau kulimfanya mtu apitishe macho. Kifurushi cha mafaili 200 hakipitishiwi macho na yeyote, na kikishabandikwa kimeshatoka nje ya nchi. Ndiyo maana ukaguzi wa siri ndicho kipengele kinachostahili kutazamwa kwanza mtu anapochagua kiendelezi. Repomix hutumia Secretlint, zana inayotafuta ruwaza za funguo zinazojulikana, na huliacha nje faili linalotiliwa shaka. Ruwaza hukamata AKIA na ghp_. Nywila ya hifadhidata iliyoandikwa kama neno la kawaida hupenya.

Siri si funguo peke yake. Mwaka 2023 wafanyakazi wa Samsung walibandika msimbo wa ndani kwenye ChatGPT, na Mei ya mwaka huo kampuni ikazuia matumizi ya zana za aina hiyo kwenye vifaa vyake. Na ndani ya folda za majaribio huweza kukutwa nakala ya hifadhidata halisi: majina ya wateja, namba za simu, kumbukumbu za malipo. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022; zote mbili zina masharti kuhusu kuzipeleka taarifa za watu nje ya nchi. Folda iliyosahaulika ikiwa na faili la .sql inaweza kumfanya mtengeneza programu avunje sheria hizo kwa kubofya mara moja.

Kiendelezi chenyewe pia ni mgeni ndani ya nyumba. Katika Visual Studio Code, kiendelezi huendeshwa kwa ruhusa zote alizonazo mtumiaji: husoma faili lolote analoweza kulisoma, na hufungua mtandao kinapotaka. Kinga iliyoongezwa mwaka 2021, ya kuuliza kama folda fulani inaaminika, humlinda mtu dhidi ya folda ngeni. Dhidi ya kiendelezi alichokubali mwenyewe, haimlindi. Na kwa kuwa kazi halali ya kiendelezi hiki ni kuusoma mradi wote, kikiwa na nia mbaya hakitahitaji hata kujificha. Chenye msimbo wa wazi na kisichowasiliana na seva yoyote ndicho cha kuaminika, maana kupakia maandishi hakuhitaji intaneti.

Jibu likirudi, viendelezi vingi huwa vimeishiwa. Modeli hurudisha msimbo uliorekebishwa, na mtu huubandika mahali pake kwa mkono, faili kwa faili. Kuiomba itoe mabadiliko kwa muundo wa diff, ule unaotumia namba za mistari, mara nyingi hukwama, kwa sababu modeli huzikosea namba hizo. Ndiyo maana zana kama Aider huiomba iandike mistari ya zamani na mipya ikifuatana, ili programu itafute na kubadilisha. Zaidi ya hapo, modeli huwa na tabia ya kufupisha kwa kuandika kwamba "msimbo uliobaki haujabadilika", na asiyekuwa makini hubandika maneno hayo juu ya mistari 80 iliyokuwa ikifanya kazi. Git hutumika hapa kama shahidi: amri ya git diff huonyesha hasa nini kimeondoka.

Adha hizo za kupeleka na kurudisha ndizo zilizoleta mawakala, programu kama Claude Code iliyotolewa Februari 2025, ambazo hutembea zenyewe ndani ya mradi: husoma faili moja, hutafuta jina fulani, hufungua jingine, hubadilisha, hujaribu. Wakala hapakii mradi mzima mwanzoni. Huchota anachohitaji kadiri anavyokwenda. Kwa wenye akaunti za kulipia, kifurushi cha mkono kimepoteza nafasi kubwa. Kimebaki kwa anayetumia dirisha la bure la mazungumzo kwenye kivinjari, kwa anayeendesha modeli ndogo kwenye kompyuta yake bila mtandao, kwa anayetaka modeli ya pili ikague kazi ya ya kwanza, na kwa anayetaka kujua kwa uhakika, kabla ya kutuma, ni mistari ipi hasa inayotoka kwake.

Wajenzi wa zana za kupakia nao hawakukaa kimya. Novemba 2024 Anthropic ilitangaza MCP, utaratibu wa wazi wa kuunganisha modeli na zana za nje, na Repomix baadaye ikajifunza kuhudumu kwa utaratibu huo. Sasa wakala anayefanya kazi kwenye mradi mmoja anaweza kuiagiza impakie hifadhi nyingine kutoka GitHub, iliyokamuliwa na kukaguliwa siri, naye akaisoma bila mtu kubofya kitufe chochote.